Michezo, uprifekti (ukiranja), klabu au kazi ya nyumbani: mwanafunzi wa Uganda ashike lipi anapotafuta chuo?

Muhula wa pili mwaka jana ulipoanza, mama mmoja anayeuza mukene (dagaa) hapa Busia, mpakani na Kenya, alinijia ofisini na binti yake wa kidato cha tano. Sikushangaa, kwa maana wazazi wengi huja wiki hiyo kuomba muda wa karo. Yeye hakuja kwa karo.

"Mwalimu," alisema, "huyu wamemchagua kwenye netiboli. Wanataka pia agombee uprifekti. Mwalimu wa mdahalo naye anamtaka. Jioni mimi namtaka sokoni. Nasikia vyuo siku hizi vinauliza mtoto anafanya nini zaidi ya kusoma. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu anashika nne. Aache lipi?"

"Mama, nipe siku mbili nifikiri," nilimjibu. Nilitumia zaidi ya siku mbili. Ninayoandika hapa ni yale niliyowaambia, nikiwa nimeyapanua kwa ajili ya wazazi na wanafunzi wengine waliokwama pale pale.

Milango haifanani

Jambo la kwanza linawaudhi wengi: hapa kwetu milango mingi ya chuo haiulizi kabisa habari za shughuli za nje ya darasa. Makerere, Kyambogo, Gulu, Busitema na vyuo vingine vya serikali hupima kwa matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 (hizo tano huitwa pasi kuu), na pasi ndogo ni 1. Somo la msingi kwa kozi unayoomba huzidishwa kwa 3, linalolifuata kwa umuhimu huzidishwa kwa 2. Msichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Anayetaka kusoma sheria Makerere hufanya pia mtihani wa kuingilia. Katika hesabu hiyo yote hakuna mahali pa kuandika kwamba ulikuwa nahodha, mwenyekiti au mwimbaji bora wa kwaya.

Ziko nafasi chache zinazotoka nje ya hesabu hiyo. Kati ya nafasi zipatazo 4,000 za udhamini wa serikali kila mwaka, 40 hutengewa wanamichezo. Vyuo binafsi kama Ndejje na Uganda Christian University (UCU) ya Mukono vina basari za michezo. Programu ya ufadhili ya Mastercard Foundation, iliyoanza Makerere mwaka 2013, humtafuta kijana mwenye akili na asiye na uwezo wa kifedha, lakini humtazama pia kama ana moyo wa kuongoza na kuirudishia jamii yake.

Nje ya nchi mambo hubadilika. Uingereza wanatazama alama kwanza, pamoja na maelezo binafsi ya herufi 4,000. Kwa wanaoanza chuo mwaka 2026 na kuendelea, maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu, na la tatu linauliza umefanya nini nje ya masomo na kimekusaidia vipi. Marekani wanataka picha ya mtu mzima. Fomu ya Common App, inayotumiwa na mamia ya vyuo, ina nafasi ya shughuli 10, na kila moja huelezwa kwa herufi zisizozidi 150, nafasi za katikati zikihesabiwa. Hiyo ni kama sentensi mbili fupi. Miaka minne ya jasho lako uwanjani inaingia kwenye sentensi mbili.

Vipimo vinne

Nimezipima njia zote nne kwa maswali yale yale. Inafungua mlango upi? Inakula muda na pesa kiasi gani? Utaithibitisha vipi mbele ya mtu asiyekujua? Na inamfaa nani? Sikuweka kipimo cha heshima. Nimeona watoto wengi wakichagua kwa heshima, kisha wakaulizwa swali moja tu kwenye usaili na kukosa la kusema.

Michezo

*Mlango.* Hii ndiyo shughuli pekee yenye nafasi zake rasmi katika udhamini wa serikali, na ndiyo inayoongoza kwa basari za vyuo binafsi. Marekani pia vyuo vingi hutoa ufadhili wa michezo, ila si vyote: vile vinane vya Ivy League, Harvard na Yale vikiwemo, havitoi ufadhili wa aina hiyo, na hata vyuo vya daraja la tatu la NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo huko, havitoi. Huko mchezo unaweza kukusaidia kukubaliwa, lakini karo itatokana na hali ya kipato cha nyumbani.

Tena mlango huu ni mwembamba. Nafasi 40 kwa nchi nzima, kwa michezo yote, kwa wavulana na wasichana. Na mwanamichezo bado anatakiwa awe na pasi kuu mbili za UACE. Nimewahi kumwona kijana mwenye mguu wa dhahabu akikosa kwa sababu alipata pasi kuu moja. Alikuwa amekosa darasa muhula mzima akijiandaa na mashindano, na hakuna mtu shuleni aliyemwekea masomo ya kufidia. Mzazi, kabla hujakubali basari ya michezo ya sekondari, uliza hili moja: timu ikisafiri, nani anawafundisha wachezaji wakirudi?

*Muda na pesa.* Ndiyo ghali kuliko zote kwa muda. Mazoezi kila jioni, wiki nzima ya mashindano ya wilaya, kisha ya taifa, na mkibahatika ile michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo mwaka 2024 ilikuja karibu nasi, Mbale. Kwa pesa inategemea shule. Viatu, nauli na dawa ya kuchua mara nyingi hurudi kwa mzazi.

*Ushahidi.* Hapa michezo inazishinda njia nyingine zote. Mkimbiaji ana muda wake ulioandikwa kwenye mbio rasmi. Kocha wa Marekani hahitaji kujua Kapchorwa iko wapi. Anasoma dakika na sekunde. Wa mpira wa kikapu au netiboli anahitaji video, na simu ya kawaida inatosha mradi mshika simu asikimbizane na mpira. Arekodi uwanja wote, na namba ya jezi ionekane.

Nitasema neno kuhusu sataranji, kwa maana wengi huisahau. Phiona Mutesi alijifunzia mchezo huo Katwe, Kampala, akiwa mtoto aliyekuwa ameacha shule, chini ya mwalimu wake Robert Katende. Aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji, na baadaye akasoma Northwest University katika jimbo la Washington, Marekani. Bodi moja hutumiwa na watoto ishirini kwa zamu, na huvunjiki goti.

*Inamfaa* anayecheza kwa kiwango cha wilaya kwenda juu, au anayependa mchezo kiasi kwamba angeucheza hata kama hakuna chuo duniani. Wa katikati, anayekaa benchi ili aandike tu kwamba alikuwa kwenye timu, nitamshauri aende kwingine.

Uprifekti na uongozi wa shule

*Mlango.* Kwa vyuo vya serikali hapa, hakuna. Kwa ufadhili unaotazama uongozi, na kwa Marekani, upo, lakini umesongamana. Fikiria shule za sekondari zilizopo Uganda peke yake, kila moja ina prifekti mkuu kila mwaka. Cheo hakikutofautishi na hao wote. Kinachokutofautisha ni kitu gani kilikuwa hivi ulipoingia na kikawa vile ulipotoka.

Mwaka juzi tulikuwa na prifekti wa chakula, kijana mpole, hata sauti haikusikika kwenye paredi. Aliona wadogo wa kidato cha kwanza wanapata posho (ugali) ya mwisho, imeshapoa na imepungua. Akapanga foleni mbili, akaweka daftari la zamu, na kila Ijumaa alipima sufuria zilizobaki. Prifekti mkuu wa mwaka ule alikuwa na hotuba nzuri sana. Nikiulizwa leo niandike barua kwa mmoja wao, kwa yule wa posho nitajaza ukurasa.

*Muda na pesa.* Pesa hakuna. Muda ni wa vipande vipande: kengele, zamu, mikutano, kesi za mabwenini saa nne usiku. Unakula usingizi zaidi ya masomo, na usingizi ndio unaobeba masomo.

*Ushahidi.* Unategemea barua ya mwalimu. Hapo ndipo shida yetu ilipo. Barua nyingi za shule zetu husema mwanafunzi ni "mtiifu, mwaminifu na mwenye bidii", maneno matatu yale yale kwa kila mtoto. Mwambie mwalimu wako mapema, na umpe karatasi yenye mambo matatu uliyofanya, kwa tarehe. Si kiburi. Ana wanafunzi mia mbili na hawezi kukumbuka yote.

Hapa niwaonye juu ya vyeti vya kununua. Mwanafunzi wangu mmoja alilipia "kongamano la viongozi vijana" alilolipata mtandaoni. Siku mbili hotelini Kampala, picha, cheti chenye muhuri wa dhahabu. Pesa ile ilikuwa nusu ya karo ya muhula, na kaka yake alirudishwa nyumbani kwa deni. Cheti kile hakikumfungulia mlango hata mmoja. Mlango ukitaka ulipe ili uitwe kiongozi, uukwepe.

*Inamfaa* mwenye jambo mahususi linalomkera pale shuleni na aliye tayari kulishughulikia mpaka mwisho. Anayetaka cheo tu atachoka kabla ya mwezi wa sita.

Klabu: mdahalo, hisabati, insha, Kiswahili, mazingira

*Mlango.* Kwa Uingereza nadhani hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote. Oxford na Cambridge hawavutiwi sana na unahodha. Wanataka kuona umelifuata somo lako mbali kuliko mtaala ulipokufikisha. Anayeomba uchumi na amesoma, akabishana na kuandika juu ya bei za mahindi mpakani ana la kusema. Anayeomba hisabati na ameshiriki mashindano ya Uganda Mathematical Society ana la kuonyesha. Kwa Marekani klabu inasaidia pale tu ulipofanya kitu ndani yake. Kujiandikisha kwenye klabu saba ni sawa na kutojiandikisha.

*Muda na pesa.* Saa mbili kwa wiki, pesa kidogo. Mashindano ya insha ni rahisi kuliko yote kwa sababu hayahitaji basi wala jezi. Yapo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa shule za sekondari, na yapo ya Jumuiya ya Madola yaliyoanza mwaka 1883 na bado yanaendelea.

*Ushahidi.* Wastani. Tuzo inajisemea. Bila tuzo, weka kumbukumbu: hoja ulizotetea, makala uliyobandika ubaoni, miche iliyopona. Hesabu miche iliyopona, si iliyopandwa. Msomaji makini ataijua tofauti.

Nina upendeleo wangu kwa klabu ya Kiswahili na sioni haya kuusema. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini walimu bado hawatoshi. Mwanafunzi wa mpakani anayekijua anaweza kukifundisha kwenye shule ya msingi iliyo jirani kila Jumamosi, akaandaa nayo sherehe ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Ana ujuzi ambao mwenzake wa Kampala hana, na ameuweka mahali unapohitajika leo.

*Inamfaa* mwenye udadisi, mwenye aibu kidogo, na mwenye karo ya kubana.

Kazi ya nyumbani na ya jamii

Hii ndiyo watoto wetu huificha, na ndiyo iliyonifanya niandike yote haya.

*Mlango.* Kwenye orodha ya aina za shughuli ya Common App kuna kipengele cha majukumu ya familia, na kingine cha kazi ya malipo. Vimewekwa pale kwa makusudi. Mtoto anayelea wadogo zake watatu kwa sababu mama yuko sokoni mpaka saa mbili usiku, anayechota maji, anayefanya kazi kwenye duka la mjomba, hana "pengo" kwenye fomu yake. Ana shughuli. Programu za ufadhili zinazotafuta vijana wa familia za kipato cha chini nazo zinaielewa habari hiyo vizuri. Kwa vyuo vya serikali, kama kawaida, haina pointi.

*Muda na pesa.* Muda unalipwa tayari, utake usitake. Hiyo ndiyo faida yake: huongezi mzigo mpya, unauandika ule unaoubeba.

*Ushahidi.* Wengi hudhani haupo. Yule binti wa mama wa mukene nilimwambia aje na chochote kinachoonyesha anachofanya sokoni. Akaja na daftari la mistari, kurasa zimenata kwa mafuta ya samaki, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani safu nne: tini (makopo) zilizoingia, zilizouzwa, shilingi ya Uganda, shilingi ya Kenya. Pembeni kwa kalamu nyekundu, majina ya wadaiwa. Kila asubuhi aliuliza bei ya kubadilisha pesa kwa vijana wa mpakani na kuiandika juu ya ukurasa. Alikuwa amegundua kwamba wateja wa Ijumaa ndio hawalipi, akamshauri mama asikopeshe siku hiyo. "Mwalimu," aliniuliza, "hii nayo ni shughuli?"

Tulikaa tukaiandika kwa Kiswahili kwanza, ili asipoteze maana kabla ya Kiingereza: "Nauza mukene na mama tangu 2021, naweka hesabu ya shilingi ya Uganda na ya Kenya, nilipunguza wadaiwa kutoka 31 hadi 9." Herufi zimebaki. Mama yake alisoma, akainama, akakaa kimya muda mrefu.

Miradi ya jamii iko karibu na hii. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi afanye miradi, na kazi za shuleni zinachangia asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa kidato cha nne. Waliofanya UCE ya kwanza chini ya mtaala huo, mwaka 2024, tayari wana sabuni waliyotengeneza au bustani waliyoilima. Wengi waliitupa baada ya kupata alama. Iendeleze ile ile kwenye kidato cha tano.

*Inamfaa* mtoto yeyote ambaye hali imemchagulia kabla hajajichagulia. Haimfai anayetaka kubuni dhiki asiyoipitia. Barua ya mwalimu na maelezo ya fomu vitapishana, na hapo fomu nzima itatiliwa shaka.

Kwa hiyo, kwa hali yako

Kama unalenga chuo cha serikali hapa Uganda na huna mchezo wa kiwango cha juu, chagua shughuli moja inayokupumzisha akili na uweke nguvu zako kwenye masomo matatu makuu. Usidanganywe na yeyote kwamba uprifekti utakuongezea pointi.

Kama unacheza kwa kiwango cha taifa, shika mchezo, acha vingine, na linda zile pasi kuu mbili kama mboni ya jicho. Anza kuweka video na matokeo tangu kidato cha tano.

Kama ni Uingereza, klabu inayohusiana na kozi yako, pamoja na kusoma sana. Kumbuka Oxford, Cambridge na kozi za udaktari hufunga maombi tarehe 15 Oktoba, wakati wewe unajiandaa na UACE.

Kama ni Marekani au ufadhili mkubwa, mbili zinatosha: moja uliyochagua na moja uliyochaguliwa na maisha. Binti wa mukene aliacha netiboli, akakataa uprifekti kwa adabu, akabaki na mdahalo na soko. Ingekuwa mwingine huenda ningemwambia kinyume.

Kama uko kidato cha nne, likizo ndefu baada ya UCE ni hazina. Miezi ile mirefu kabla ya kuanza kidato cha tano inatosha kufundisha watoto wa jirani kusoma, au kuanzisha kitalu na kukiona kikiota.

Na kama uko kidato cha sita muhula wa tatu, usianze chochote kipya. Baadhi ya vyuo vya Marekani hufunga tarehe 1 Novemba na vingi mwanzoni mwa Januari, na katikati yake kuna UACE. Ukiona huwezi kubeba vyote viwili, maliza mtihani, kisha omba mwaka unaofuata ukiwa na matokeo mkononi. Ila kabla shule haijafunga, nenda kwa walimu wako wawili na karatasi yako ya mambo matatu, na uchukue nakala za ripoti zako za mihula yote zikiwa na muhuri. Januari ofisi zitakuwa zimefungwa, na mwalimu anayekujua huenda atakuwa amehamishwa.